ANNADURAI: MTOTO WA WAFUMAJI ALIYEITWA KAKA NA MAMILIONI YA WATU

Leo naomba tutoke kidogo kwenye siasa za hapa nyumbani twende India. Najua wengine mtaguna, mtasema huyu naye kaishiwa. Subirini kwanza, someni mpaka mwisho halafu mniponde vizuri hapo chini.

Kwa nini India? Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne. Sekondari niliyosoma, ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako naye kateleza. Nilikivaa hicho kibao mara nyingi tu. Tangu siku hizo nikisikia habari ya watu waliokataa kuaibishwa kwa ajili ya lugha yao, masikio yananisimama. Ndo nikakutana na huyu jamaa anaitwa C. N. Annadurai, na nimemsoma kwa muda sasa. Nikaona nisiwe mchoyo.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Sisi huku tuna tabia ya kusema Mhindi na Kihindi, basi imetoka. Duka la Mhindi, sinema ya Kihindi. Wahindi wengi waliokuja Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, na majumbani kwao ni Kigujarati na Kikutchi. Zile sinema tulizokuwa tunalipia kwenye vibanda vya video ni za Kihindi chenyewe, lugha ya kaskazini. Sasa ukishuka kusini kabisa mwa India, unakutana na watu wengine, Watamil. Lugha yao haina undugu na Kihindi. Ina herufi zake, na fasihi yake ina umri wa karibu miaka 2,000. Ukimwambia Mtamil aseme Kihindi kwa sababu yeye ni Mhindi, unamwambia jambo zito. Habari yote ya leo inatoka hapo.

Basi bwana, Annadurai alizaliwa tarehe 15 Septemba 1909 katika mji wa Kanchipuram, mji wa mahekalu na wa wafumaji wa hariri, si mbali na Madras ambayo leo inaitwa Chennai. Kwao walikuwa watu wa kawaida, wa jamii ya wafumaji. Alilelewa sana na mama yake mdogo. Hali ilipokuwa ngumu ilibidi aache shule kwa muda, akaajiriwa ukarani katika ofisi ya halmashauri ya mji ili familia ipate chochote. Baadaye akarudi darasani, akafika Chuo cha Pachaiyappa pale Madras, na mwaka 1934 akamaliza shahada. Aliendelea mpaka shahada ya pili katika uchumi na siasa. Akafundisha Kiingereza kidogo tu, halafu akakimbilia kwenye magazeti. Alikuwa mfupi wa umbo, sauti nzito kidogo ya kukwaruza, na hakuwa mtu wa kujipamba. Ukimwona barabarani usingemdhania. Shida ilikuwa akishika kalamu au kipaza sauti.

Mwaka ule ule wa 1934 alikutana na mtu aliyebadilisha maisha yake. Huyo ni E. V. Ramasamy, ambaye Watamil walimwita Periyar, maana yake mtu mkubwa, mheshimiwa. Huyu mzee alikuwa moto wa kuotea mbali. Alikuwa anapinga matabaka ya kuzaliwa, yale ya kwamba fulani ni Brahmini kwa hiyo yuko juu, na fulani hata kivuli chake ni najisi. Alikuwa anapinga makuhani, anapinga miungu yenyewe, anataka wanawake wawe huru na watu waoane bila kuhani. Harakati yake aliiita ya kujiheshimu. Kijana Annadurai akaingia mzima mzima. Akawa mhariri kwenye magazeti ya mzee, akawa msemaji, akawa kama mtoto wa kumzaa.

Sasa tuje kwenye lugha. Mwaka 1937 chama cha Congress kilishinda uchaguzi wa jimbo la Madras, enzi hizo Mwingereza bado yupo, na aliyeshika serikali ya jimbo ni C. Rajagopalachari, watu wakimwita Rajaji. Yeye mwenyewe Mtamil, Brahmini, msomi hasa. Akaamua Kihindi kifundishwe kwa lazima katika shule za sekondari. Watu wakalipuka. Maandamano, kufunga kula, watu kukamatwa kila siku. Mwaka 1938 Annadurai alifungwa miezi 4. Mwaka 1939 waandamanaji wawili, Natarajan na Thalamuthu, walifia kifungoni. Hatimaye mwaka 1940 amri ile ikafutwa na gavana wa Kiingereza. Shikeni hilo jina la Rajaji, tutakutana naye tena na mtashangaa.

Mwaka 1942 Annadurai alianzisha gazeti lake mwenyewe, Dravida Nadu. Jina hilo maana yake ni nchi ya Wadravida, yaani watu wa kusini wenye lugha za ukoo mmoja na Kitamil. Na hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake na ya Periyar: Mwingereza akiondoka, kusini kuwe nchi yake yenyewe, isiwe chini ya Delhi. Mwaka 1944 katika mkutano wa Salem, ni Annadurai aliyepeleka azimio la kukibadilisha chama cha zamani cha Justice, kilichokuwa cha matajiri na watu wenye vyeo vya Mwingereza, kikaitwa Dravidar Kazhagam, na wenye vyeo vile wakaambiwa wavirudishe. Matajiri wengi wakakimbia. Vijana na watu wa chini wakajaa.

Hapa tusimame tuongee habari ya uandishi, maana wengi wanamkumbuka kwa siasa tu. Jamaa aliandika riwaya, hadithi fupi, tamthiliya, makala za kila wiki. Halafu tamthiliya zenyewe alikuwa anaigiza mwenyewe jukwaani. Kuna moja inahusu mfalme Shivaji, ambaye Mabrahmini wanagoma kumvisha taji kwa sababu ya tabaka lake. Mwigizaji kijana aliyecheza kama Shivaji aliipatia kiasi kwamba Periyar akampa jina hilo, na mpaka anakufa India nzima ilimjua kama Sivaji Ganesan. Nyingine ni Velaikari, maana yake mtumishi wa kike wa ndani, inayohusu tajiri anayewakamua maskini huku anasali sana. Ilianza jukwaani, mwaka 1949 ikawa sinema. Mwaka huo huo ikatoka Nallathambi, nayo aliiandika yeye. Riwaya yake ya Rangoon Radha nayo ikaja kuwa sinema mwaka 1956.

Angalieni alichokifanya hapo. Watu wengi vijijini walikuwa hawajui kusoma. Gazeti halikuwafikia. Lakini sinema iliwafikia, na tamthiliya iliwafikia, na hotuba ya usiku kwenye uwanja wa vumbi iliwafikia. Na Kitamil chake hakikuwa cha mitaani tu wala cha vitabu tu. Alikuwa anapanga maneno yenye mwanzo unaofanana, yanakwenda kwa mapigo, mpaka mtu asiye na shule anajisikia kwamba lugha yake ni ya kifalme. Vijana wakaanza kumwiga namna ya kuongea. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa sinema, M. Karunanidhi. Mwingine aliyekuja baadaye alikuwa nyota wa filamu, M. G. Ramachandran, wanamwita MGR. Wote wawili walikuja kuongoza jimbo.

Haya, tuje kwenye kidonda. Tarehe 15 Agosti 1947 India inapata uhuru. Periyar akatangaza iwe siku ya maombolezo, kwamba wameondoka Waingereza wanaingia Mabrahmini na watu wa kaskazini. Annadurai akakataa, hadharani. Kwake yeye kumtoa mkoloni ilikuwa furaha ya kila mtu, hata kama kazi haijaisha. Tangu hapo mzee na kijana wakawa wanaangaliana kwa jicho la pembeni.

Mwaka 1949 ikakatika. Periyar, akiwa na miaka karibu 70, alimwoa Maniammai, katibu wake, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi sana, na kumfanya mrithi wa mambo yake. Harakati hiyo hiyo ilikuwa inawahubiria watu kila siku kwamba mzee asioe binti mdogo. Vijana wakachanganyikiwa. Annadurai akaandika kwa uchungu, na wengi wakatoka pamoja naye. Tarehe 17 Septemba 1949 wakaanzisha chama chao, Dravida Munnetra Kazhagam, kwa kifupi DMK. Mkutano wao wa kwanza wa hadhara ulifanyika Robinson Park, eneo la Royapuram pale Madras, mvua inanyesha na watu hawaondoki.

Sasa naombeni msome hapa taratibu. Hiyo tarehe 17 Septemba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Periyar. Na chama kilipopanga uongozi, kiti cha rais kiliachwa wazi. Annadurai akachukua ukatibu mkuu tu. Kiti kikabaki kinamsubiri mzee, kwa maelezo kwamba kiongozi wao bado ni yeye, wakosane wasikosane. Mzee hakurudi. Badala yake kwa miaka karibu 18 aliwaponda. Aliwabandika jina la chama cha matone ya machozi, kwa sababu ya yale maandishi ya Annadurai ya kulia-lia wakati wa kutengana. Akaunga mkono wapinzani wao wa Congress. Na Annadurai? Alijibu hoja, lakini heshima ya mzee hakuigusa.

Wafuasi wake nao wakawa wanamwita Anna, na katika Kitamil neno hilo lina maana ya kaka mkubwa. Na yeye makala zake kwenye gazeti aliziandika kama barua kwa mdogo wake. Kwa hiyo upande mmoja kuna Mzee, upande mwingine kuna Kaka. Ugomvi wa kifamilia kabisa.

Miaka ya mwanzo DMK haikugombea. Mwaka 1956 kwenye mkutano wa Tiruchirappalli wakapiga kura kama waingie kwenye uchaguzi au la, wakaamua kuingia. Mwaka 1957 wakapata viti 15 katika bunge la jimbo, Anna akiwa mmojawapo, kutoka kwao Kanchipuram. Mwaka 1962 wakapanda mpaka viti 50. Lakini katika uchaguzi huo huo kiongozi mwenyewe akaangushwa pale pale kwao Kanchipuram! Fikirieni, chama kinazidisha viti zaidi ya mara tatu, halafu aliyekijenga anakosa. Hakuna mbunge aliyeambiwa ajiuzulu ili kaka apate kiti. Alikwenda Delhi kupitia Rajya Sabha, lile baraza la juu la Bunge la India ambalo wajumbe wake wengi huchaguliwa na mabunge ya majimbo.

Huko Delhi, hotuba yake ya kwanza mwaka 1962, kwa Kiingereza safi, aliwaambia wabunge waziwazi kwamba yeye anatoka kwenye jamii ya Wadravida, na kwamba anataka watu wake wapewe haki ya kujiamulia mambo yao, bila kumchukia Mgujarati wala Mbengali. Ukumbi uliwaka. Kwa wengi huo ulikuwa uhaini.

Miezi michache baadaye, Oktoba 1962, China ikaishambulia India mpakani. Anna akatangaza kwamba vita ikiwepo, suala la kujitenga linakaa pembeni, na chama chake kikaunga mkono nchi. Mwaka 1963 Bunge likabadilisha katiba, kwamba yeyote anayegombea lazima aape kulinda umoja wa India. Ilikuwa wazi sheria imewalenga wao. DMK ilikuwa na njia mbili: kung'ang'ania Dravida Nadu na kufungiwa nje ya uchaguzi, au kuachia. Anna akaachia. Ndoto ya zaidi ya miaka 20, jina la gazeti lake, aliiweka chini. Sababu alizieleza: wakifungiwa, nani atakitetea Kitamil? Nani atamtetea mtu wa tabaka la chini? Akasema sababu zilizowafanya wadai nchi bado zipo, ila sasa watapigania jimbo lenye nguvu zaidi ndani ya India.

Kuna waliomwita msaliti na mwoga. Mimi nilipofika hapo nilifunga nikaenda kulala, kwa sababu na mimi nilidhani kashindwa. Baadaye ndo nikaelewa. Nchi ya Wadravida ilikuwa njia. Alichokuwa anakitafuta mwenyewe ni watu wake wasidharauliwe. Njia ikizibwa unatafuta nyingine, mradi unajua ulikuwa unakwenda wapi.

Na jaribio lenyewe likaja haraka. Katiba ya India ilisema baada ya miaka 15, yaani tarehe 26 Januari 1965, Kihindi kitakuwa lugha rasmi ya serikali kuu, na Kiingereza kitaondoka kama Bunge halitapanga vingine. Sheria ya mwaka 1963 iliruhusu Kiingereza kiendelee, lakini maneno yake yalikuwa ya kukwepa-kwepa, na watu wa kusini hawakuyaamini. Hapo sasa kuna kitu kilinichanganya mimi mwenye historia ya kibao. Watamil walikuwa wanakitetea Kiingereza! Hoja yao ilikuwa hii: Kiingereza ni kigeni kwa wote, kwa hiyo wote tunaanzia mstari mmoja. Kihindi kikiwa lugha ya mitihani ya ajira za serikali, mtoto wa kaskazini anaingia na lugha ya mama yake, mtoto wa kusini anaanza kuhangaika. Kwa hiyo Kitamil nyumbani na ofisini, Kiingereza kwa mawasiliano na wengine. Sijui nyie mnaonaje, mimi mpaka leo nakubishia nusu na kukubali nusu.

Mwaka 1964 kijana mmoja, Chinnasamy, alijichoma moto Tiruchirappalli kwa ajili ya Kitamil. Januari 1965 DMK wakatangaza siku hiyo ya tarehe 26 iwe ya maombolezo, Anna akakamatwa kabla haijafika. Lakini wanafunzi ndio waliobeba mapambano. Madurai, Madras, kila mahali, mabomu ya machozi na risasi. Wengine nao wakajichoma moto. Kwa makadirio ya serikali watu wapatao 70 walikufa, na wapo wanaosema walizidi sana. Mawaziri wawili Watamil wa serikali kuu wakajiuzulu. Tarehe 11 Februari Waziri Mkuu Shastri akahutubia redioni na kuahidi kwamba Kiingereza kitaendelea kadiri majimbo yasiyozungumza Kihindi yatakavyotaka. Ahadi hiyo iliwekwa kwenye sheria mwishoni mwa mwaka 1967.

Basi uchaguzi wa 1967 ukafika. Mchele umeadimika, bei iko juu, wanafunzi wana hasira. Anna akaunganisha vyama vya kila aina dhidi ya Congress. Na mmoja wa waliokaa naye jukwaani alikuwa nani? Rajaji! Yule yule aliyeleta Kihindi cha lazima na aliyekuwa mkuu wa serikali iliyomfunga mwaka 1938. Mzee alikuwa ameshahama Congress, ameanzisha chama chake cha Swatantra, na kwenye suala la Kihindi alikuwa amegeuka kabisa. Anna hakumkumbusha jela. Upande wa pili Periyar, mwalimu wake, alikuwa anazunguka kuwapigia kampeni Congress. Siasa bwana.

Januari hiyo hiyo MGR akapigwa risasi na mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, na picha yake akiwa na bendeji shingoni ikabandikwa kila kona. Kura zilipohesabiwa, DMK walipata viti 137 kati ya 234. Congress ikaanguka Madras, na tangu siku hiyo haikuongoza tena serikali ya jimbo hilo. Hata K. Kamaraj, aliyekuwa mkuu wa jimbo, aliyejaza mashule vijijini na kuwapa watoto chakula cha mchana shuleni, aliyekuwa rais wa Congress ya India nzima, aliangushwa kwao na kiongozi wa wanafunzi wa DMK. Inasimuliwa kwamba Anna hakushangilia kuanguka kwa Kamaraj. Alimwona ni mtu aliyefanya kazi.

Na kabla ya kuapishwa alikwenda wapi? Alikwenda Tiruchirappalli, kwa Periyar. Mzee aliyemponda miaka 18 na kumpigia kampeni ya kumwangusha wiki chache nyuma. Akaenda kutoa heshima, na mzee akampokea. Kile kiti kilichoachwa wazi mwaka 1949 kikapata maana yake. Wapo wasomaji watakaosema ni maigizo ya kisiasa, jamaa si alikuwa mtunzi wa tamthiliya? Inawezekana. Lakini maigizo ya miaka 18 bila kukosea mstari mmoja, hayo nayo ni tabia.

Tarehe 6 Machi 1967 akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Serikali yake ikahalalisha kisheria ndoa zisizo na kuhani, zile za kujiheshimu alizozihubiri Periyar, pamoja na zilizokwisha kufungwa nyuma, kwa hiyo watu waliooana miaka mingi bila kutambuliwa wakawa mume na mke halali. Januari 1968 Bunge la jimbo likaamua shule zifundishe lugha mbili, Kitamil na Kiingereza, Kihindi kikatoka. Mwezi huo huo Madras ikawa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa Kitamil. Na jina la jimbo likabadilishwa kutoka Madras kuwa Tamil Nadu, nchi ya Watamil. Mwaka 1956 mzee mmoja, Sankaralinganar, alifunga kula zaidi ya siku 70 akidai mambo kadhaa, jina hilo likiwemo, mpaka akafa. Anna hakupata nchi ya Wadravida, ila jina hilo alilipata, tena kwa kura ya Bunge.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye kampeni waliahidi vipimo vitatu vya mchele kwa rupia moja. Walichoweza ni kipimo kimoja kwa rupia, tena kwa kuanzia na Madras na Coimbatore, kwa sababu hazina haikuwa na uwezo. Na usiku wa tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, wilaya ya Thanjavur, vibarua wa mashambani wa tabaka la chini kabisa waliokuwa wanadai ujira zaidi walichomwa moto ndani ya kibanda walichokimbilia. Watu 44, wengi wanawake na watoto. Washitakiwa wenye mashamba baadaye waliachiwa na mahakama kuu. Hili lilitokea chini ya serikali ya chama kilichozaliwa kupinga matabaka. Ukimsifia Anna bila kutaja Kilvenmani, hujamaliza habari.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anakufa. Alikuwa mtafunaji mkubwa wa tumbaku, na saratani ikamshika njia ya chakula. Mwaka 1968 alikwenda Marekani, kwanza kama mgeni wa Chuo Kikuu cha Yale, halafu akarudi tena kwa upasuaji New York. Alirejea nyumbani amekonda. Tarehe 14 Januari 1969, siku ya sikukuu ya mavuno ya Watamil, jina la Tamil Nadu likaanza kutumika rasmi. Tarehe 3 Februari 1969 akafariki, akiwa na miaka 59. Alikuwa madarakani hata miaka miwili haijatimia.

Mazishi yake yalikuwa ya ajabu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliandika watu milioni 15. Hata ukiigawa hiyo namba mara tano bado ni bahari ya watu. Walimzika ufukweni, Marina, pale mawimbi yanaposikika. Karunanidhi akarithi uongozi. Mwaka 1972 MGR akafukuzwa DMK, akaanzisha chama chake, na jina lake akalitia neno Anna. Tangu 1967 mpaka uchaguzi wa 2021 kila uchaguzi wa bunge la jimbo lile ulishindwa na kimoja kati ya vyama hivyo viwili, na vyote vinaapa kwa jina la kaka huyo huyo, huku vikitukanana kila siku. Hapo ndo utaona kwamba sura ya mtu ni rahisi kuiweka kwenye bango, tabia yake ni kazi.

Mimi nilichoondoka nacho ni hiki. Jamaa alijua cha kushika na cha kuachia. Nchi aliiachia. Kinyongo cha jela alikiachia. Kiti cha mwalimu wake hakukikalia. Lugha na heshima ya mtu mdogo alivishika mpaka pumzi ya mwisho, na pale alipochelewa, kama Kilvenmani, waliochelewewa walilipa kwa roho zao.

Nimemaliza wadau. Mwenye nyongeza au masahihisho aweke hapo chini, ila tusitukanane. Na wewe uliyewahi kuvaa kibao shuleni, ungekuwa Mtamil mwaka 1965 ungekitetea Kiingereza? Karibuni.